Menyu ya simu, programu ya benki, wakala au taslimu: njia ipi ya kulipa siku mtandao unaposumbua

Msimu wa alizeti wa mwaka juzi nilisimama chini ya mbuyu, kijiji kimoja ndani ndani huko Kongwa, kuanzia saa sita mchana hadi giza linaingia. Wenyeji wanauita mbuyu ule "mnara" kwa sababu ndipo simu zinaposhika. Magunia 31 yalikuwa yameshapimwa, yameshashonwa, yamepangwa kando ya gari. Nikafungua programu ya benki, nikaandika namba ya mzee, shilingi 1,860,000, nikaweka namba ya siri. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka tena, kisha yakaja maandishi mekundu: "Samahani, kuna hitilafu. Jaribu tena baadaye."

Nikaangalia salio. Hela imekatwa.

Mzee akatazama simu yake. Kimya.

"Mzee, kwangu imetoka, tazama mwenyewe." Nikamsogezea kioo. Akakitazama kwa heshima tu, maana miwani alikuwa ameiacha nyumbani, kisha akasema, "Mwanangu, sisemi unadanganya. Ila simu yangu haijasema."

Dereva akaanza kukumbusha kwamba gari ni la kulipwa kwa siku. Nilitamani kubonyeza tena, lakini je, zikiingia zote mbili? Saa moja kasoro mzee akatoa uamuzi: "Chukua kumi. Ishirini na moja yabaki kwangu mpaka simu iseme." Kumi yale alinipa kwa imani tupu. Hela ilirudi kwenye akaunti yangu siku ya tatu, bila ujumbe wowote wala maelezo. Niliona tu salio limeongezeka. Gari nililikodi mara mbili kwa mzigo mmoja.

Tangu siku hiyo nimeacha kuuliza njia ipi ya kulipa ni ya haraka. Siku njema zote ni za haraka. Ninachouliza ni hiki: ikiharibika, inaharibikaje? Maana kuna njia inayogoma na kuna njia inayoelea. Inayogoma inakwambia mapema kwamba leo haiwezekani, na hela yako iko palepale. Inayoelea inaitoa hela kwako, haimfikishii mwenzako, na inawaacha wawili mnatazamana kama mmoja wenu ni mwizi. Mimi nipe migomo kumi kuliko kuelea kumoja. Mwaka 2021 nchi nzima ilizungumza kuhusu tozo za miamala, na ilikuwa haki kuzungumza. Lakini muamala mmoja ulioelea ulinigharimu siku hiyo zaidi ya makato yangu ya msimu mzima, na hasara ya namna hiyo haiandikwi popote.

Basi nitazipanga njia nne tunazotumia huku kwetu Dodoma, nikizipima kwa siku mbaya.

MENYU YA NYOTA NA RELI

Hii ni ile ya kubonyeza *150*00#, *150*01#, *150*60# na wenzake. Wengi wanaidharau kwa kuwa ni ya zamani. M-Pesa yenyewe ilianza nchini mwaka 2008, na hadi leo bibi wa Mvumi mwenye kitochi anaitumia sawasawa na kijana wa Kisasa mwenye simu ya laki nane.

Nguvu yake iko kwenye jinsi inavyofanya kazi. Menyu haikai ndani ya simu yako. Inakaa kwenye mitambo ya kampuni, na simu inakuonyesha tu kinachotoka huko. Haihitaji bando wala intaneti. Inapita kwenye njia ileile ya ishara inayotumika kuunganisha simu na kupeleka meseji. Mnara wa 2G ulio mbali, wenye kijiti kimoja cha mtandao, unaweza kuibeba menyu wakati programu ya benki haijafungua hata ukurasa wa kwanza. Kwa mtu anayenunua mazao Kongwa, Bahi au Chamwino vijijini, hilo peke yake linatosha kuifanya iwe ya kwanza mkononi.

Udhaifu wake ni muda. Kila ukifungua menyu unapewa dakika chache. Ukizubaa unatafuta namba kwenye karatasi, inakutupa nje. Na hapa ndipo wengi wanapoumia kwa kutojua jambo moja: angalia umetupwa nje kabla ya namba ya siri au baada yake. Ukitupwa kabla, hakuna kilichofanyika, anza upya bila hofu. Ukitupwa baada ya kuthibitisha kwa namba ya siri, amri yako huenda ilishafika. Usirudie. Rudi kwenye menyu uangalie salio, si meseji, kwa sababu meseji huweza kuchelewa nusu saa wakati hela ilishahama zamani. Nimewahi kumwona mama mmoja pale Majengo akimlipa muuza nyanya mara tatu kwa sababu tu meseji ilikuwa haijaja. Zilipoingia, ziliingia zote tatu kwa mkupuo. Bahati yake muuza nyanya alikuwa muungwana.

PROGRAMU YA BENKI

Siisemi vibaya. Kwa mtu aliyekaa mjini, Area D au Ilazo, mwenye Wi-Fi au 4G nzuri, programu ya benki ina mambo ambayo menyu haina. Inahifadhi majina ya unaowalipa, kwa hiyo hukosei tarakimu. Inabeba kiasi kikubwa. Inakupa risiti unayoweza kuitunza na kuionyesha mwaka unaofuata. Na siku ya utata, orodha ya miamala ni shahidi mzuri kuliko kumbukumbu ya kichwani.

Shida ni kwamba ili ifanye kazi, mlolongo mrefu lazima uwe mzima kwa wakati mmoja: bando lako, mnara, mkongo, mitambo ya benki, na wakati mwingine huduma iliyoko nchi nyingine kabisa. Pete moja ikikatika, yote imekatika, na wewe uliye chini ya mbuyu huwezi kujua ni ipi. Kuna na ile ya kuambiwa "sasisha programu kwanza" ukiwa porini, MB zimebaki thelathini. Sasisha nyumbani, usiku, kabla ya safari. Ni jambo dogo, lakini limenikwamisha mara mbili.

Hata hivyo, si programu yenyewe iliyoniangusha Kongwa. Kilichoniangusha ni kuvuka kutoka benki kwenda kwenye simu, na hili naomba nilieleze taratibu kwa sababu ndilo linalowatesa wengi bila kujua.

Ukituma kutoka simu kwenda simu ya mtandao uleule, hela haitoki nje ya nyumba moja. Daftari ni moja: kwako imepunguzwa, kwa mwenzako imeongezwa, basi. Ukituma kutoka benki kwenda kwenye simu, kuna nyumba mbili. Benki inakata kwenye daftari lake, inapeleka taarifa, kisha inasubiri ile nyumba ya pili ijibu "nimepokea". Jibu hilo likipotea njiani, benki haijui kama hela imefika au la. Haiwezi kukurudishia papo hapo, maana kama ilishafika italipa mara mbili. Kwa hiyo inaiacha ikielea mpaka watu wa hesabu wa pande zote walinganishe madaftari. Ndiyo zile siku mbili, tatu. Benki Kuu imejenga mfumo wa TIPS wa kuunganisha benki na kampuni za simu, na kweli kutuma kutoka huku kwenda kule kumekuwa rahisi kuliko zamani. Lakini mto bado ni mto: kingo zote mbili lazima ziwe zima ndipo uvuke.

Nilichobadilisha ni kimoja, na kimenisaidia kuliko vyote. Hela naihamisha kutoka benki kwenda kwenye simu yangu mwenyewe jioni ya kabla ya safari, nikiwa nyumbani Nkuhungu. Ikielea, inaelea kwangu, sina muuzaji aliyesimama mbele yangu na dereva anayehesabu saa. Asubuhi naondoka hela ikiwa tayari ndani ya simu, na shambani natuma simu kwa simu. Muuzaji akiwa na laini ya mtandao kama wangu, bora zaidi. Siku hizi nabeba laini mbili kwa sababu hiyo. Ukipanga hivi, kumbuka kuwa kila laini ina kikomo cha kutuma kwa siku na cha salio. Uliza kikomo chako mapema, usikigundue mbele ya mizani.

WAKALA

Nakiri nilikuwa naona wakala kama hatua ya ziada tu, mtu wa katikati anayekula muda. Siku moja tu ilinibadilisha.

Ilikuwa jioni, mtandao umesumbua mji mzima. Dada mmoja mwenye kibanda karibu na Soko la Majengo alikuwa na simu nne juu ya meza, kila moja imefungwa mpira wa rangi yake, na daftari la kaunta lenye mistari aliyoipiga kwa rula: tarehe, saa, namba, kiasi, sahihi. Mteja mbele yangu alitaka kutoa laki mbili. Akathibitisha kwenye simu yake, meseji ikamjia kwamba ametoa. Simu ya dada ikawa kimya. Mteja akanyoosha mkono.

"Kaka yangu, siwezi kukupa mpaka nione kwangu," dada akasema. "Lakini nakuandika hapa. Saa kumi na mbili na dakika kumi. Weka sahihi. Ikiingia nikiwa nimefunga, nakupigia, unakuja kuchukua nyumbani."

Akaangalia salio la laini yake ya uwakala badala ya kusubiri meseji. Dakika chache baadaye ilikuwa imeingia, meseji haijafika bado. Akahesabu noti mara mbili, akampa.

Hicho ndicho wakala anacho na mashine haina. Anaweza kukataa kwa maneno, kueleza kwa nini, kuandika, na kukujua kwa sura. Mtandao mmoja ukilala, anakugeuzia laini nyingine. Ukipata shida kesho, unajua pa kwenda kukaa. Huduma kwa wateja ya kupiga 100 ipo na ni ya lazima, kwa sababu wao ndio wanaoweza kuufuatilia muamala ndani ya mfumo, lakini siku ya hitilafu kubwa sote tunapiga saa ileile, na utasikiliza muziki mpaka betri iishe.

Mipaka yake nayo ni halisi. Floti, yaani hela ya kazi ya wakala, huisha, hasa mwisho wa mwezi na siku za mnada. Kibanda hufungwa usiku. Kutoa kuna makato, ndiyo maana huku tukitumiana tunaambiana "weka na ya kutolea". Na kama mfumo wa kampuni nzima umelala, wakala naye yuko gizani pamoja nawe, tofauti ni kwamba yeye atakwambia. Wakala wa benki mwenye mashine ya kutelezesha kadi yuko hivyohivyo. Ile mashine ina laini ya simu ndani yake, kwa hiyo mnara ukilala, nayo inalala.

TASLIMU

Haielei, haigomi, haihitaji mnara. Muuzaji anaigusa, biashara imeisha. Kwa malipo madogo ya shambani, vibarua wa kubeba, mshona magunia, chakula cha dereva, sijaona cha kuishinda.

Lakini kubeba milioni mbili mfukoni kwenye barabara ya vumbi ni kuomba matatizo, na mimi nina familia. Tena haiachi alama: mkibishana baadaye, ni neno lako na lake. Nabeba kiasi cha kuniwezesha kurudi nyumbani na kumpa muuzaji malipo ya awali mambo yakikwama. Si zaidi.

MILANGO MINGI, JIKO MOJA

Kuna hitilafu ambayo kubadilisha njia hakuisaidii kitu, na ukiifahamu utaokoa muda na hela. Mei 2021 mfumo wa kununua umeme wa LUKU uliharibika kwa siku kadhaa. Unaweza kujaribu kwa simu, kwa benki, kwa wakala. Milango ni tofauti, lakini tarakimu zile ishirini zinapikwa jiko moja. Malipo ya serikali kwa kontroo namba nayo ni hivyo: unalipia popote, lakini jibu linatoka mfumo mmoja. Ukiona umejaribu mitandao miwili tofauti na yote imekataa jambo lilelile, acha. Tatizo liko jikoni. Kila jaribio la ziada ni nafasi mpya ya hela kuelea. Kinga ya hapa ni kulipa mapema: umeme ununue uniti zikiwa bado zipo, ada ya mtoto na leseni ya biashara lipa wiki moja kabla, si siku ya mwisho usiku ambapo kila mtu naye anabonyeza.

Na jiko wakati mwingine liko mbali sana. Jumapili ya Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania na kwa majirani zetu. Oktoba 4, 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita kwa sababu ya kosa la mipangilio ndani ya kampuni yenyewe. Oktoba 20, 2025 hitilafu katika vituo vya Amazon vilivyoko Virginia, Marekani, iliangusha huduma nyingi za nchi mbalimbali. Hakuna mtu wa Dodoma aliyefanya kosa siku hizo, wala kuzima na kuwasha simu kusingesaidia.

Nataja WhatsApp kwa makusudi. Wanunuzi wangu wa mafuta ya alizeti wa Dar es Salaam wamezoea kulipa kisha kunitumia picha ya risiti humo, na mimi nilizoea kupakia madumu nikiona picha. Niliacha. Picha ya risiti si hela. Inaweza kuwa ya muamala unaoelea, na inaweza kuwa imetengenezwa. Napakia nikiona salio langu. Na siku za hitilafu ndizo matapeli wanazozipenda: anakupigia mtu anajitambulisha ni huduma kwa wateja, anataka namba ya siri "akurudishie muamala". Hakuna mfanyakazi wa kweli anayeihitaji namba hiyo. Kata simu.

KWA HIYO UCHAGUE IPI?

Kama uko mjini, unalipa kiasi kikubwa, na hakuna anayekusubiri mlangoni, tumia programu ya benki, ikiwezekana akaunti kwa akaunti ndani ya benki moja. Asubuhi ya siku ya kazi, si usiku wa Ijumaa, ili ikielea uwe na mtu wa kumuuliza.

Kama mnapeana mkono kwa mkono, sokoni au shambani, tumia menyu ya simu, mtandao mmoja kwa mmoja. Programu iwe akiba.

Kama anayepokea ni mzee au mtu asiyezoea simu, mpeleke kwa wakala mkiwa wote wawili. Lipa makato. Utulivu wake una thamani kuliko ile elfu chache.

Kama mtandao umeshaanza kusumbua toka asubuhi, usibuni. Lipa kidogo kwa taslimu, mengine andikianeni kwenye karatasi, kila mmoja abaki na nakala.

Na ikielea, njia yoyote iwayo: andika saa, kiasi, namba ya kumbukumbu ya muamala kama umeiona. Piga picha kioo. Usirudie mpaka uone salio. Toa taarifa siku hiyohiyo kwa mliotumia huduma yao, na uombe namba ya malalamiko. Bila namba hiyo kesho utaanza hadithi upya kwa mtu mpya.

Msimu huu nilirudi kwa mzee yuleyule. Kabla hatujapima gunia hata moja nilimwomba simu, nikahakikisha laini yetu ni mtandao mmoja, kisha nikamtumia shilingi elfu moja tu kwa menyu. Tukakaa chini ya mbuyu tukisubiri, yeye akinisimulia mvua ilivyokatika mapema mwaka huu na mtama ulivyoungua. Simu ikalia. Safari hii miwani alikuwa nayo. Akasoma herufi moja moja, akafungua menyu akaangalia na salio, kama nilivyomwelekeza.

"Imesema," akaniambia. "Lete mizani."